Mguu wangu mzima nao umeanza kunigomea

SWALI: Mwanangu daktari, mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Mwaka 1972, nikiwa na miaka mitatu, polio iliniachia mguu wa kushoto mkonde. Nilishazoea. Natembea nimejishika paja, na cherehani naikanyaga kwa mguu wa kulia ambao ni mzima. Sasa huu mwaka wa tatu huo mzima nao unachoka. Ngazi zinanishinda, ikifika adhuhuri nimekwisha kama niliyetoka kulima, na usiku vidole vya mkono wa kushoto vinakufa ganzi. Mume wangu anasema nimebweteka, nifanye mazoezi. Kila alfajiri natembea hadi Raskazone, lakini ndiyo kwanza hali inazidi. Je, polio imerudi? Nalala kitanda kimoja na mjukuu wa miezi minane.

JIBU: Shikamoo mama. Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ila swali lako limefika penyewe.

Nianze na mjukuu, maana nahisi ndiye aliyekufanya uandike. Huwezi kumwambukiza. Kirusi kilikwisha mwilini mwako muda mfupi baada ya ile homa ya 1972, na hakijarudi. Yeye mwangalie kadi ya kliniki tu: matone alipozaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na sindano ya wiki ya 14. Afrika ilitangazwa kuwa haina polio ya asili mwezi Agosti 2020, lakini mwaka 2023 kule Rukwa alipatikana mtoto aliyepooza kwa kirusi kilichotokana na kile cha chanjo, ambacho hubadilika kikizunguka muda mrefu kwa watoto wasiochanjwa. Kwa hiyo asirukwe hata tone.

Sasa wewe. Huo mguu wa kulia, mama, inawezekana kabisa haukuwa mzima. Polio huua seli za uti wa mgongo zinazoamrisha misuli, na mara nyingi hugusa pande zote mbili hata kama mmoja tu ndio uliokonda. Msuli unaweza kupoteza karibu nusu ya seli zake na bado ukaonekana una nguvu. Ni kama mtaa ulioungua mita: nyumba mbili tatu zilizobaki na umeme zikawavutia waya majirani. Seli zilizopona ziliotesha matawi mapya, zikaibeba misuli iliyoachwa yatima. Mtaa ukawaka taa, ukasahau. Lakini waya ule haukukusudiwa nyumba sita kwa miaka hamsini. Matawi yanaanza kukatika, moja baada ya jingine. Hali hii huitwa sindromu ya baada ya polio, na kwa kawaida huanza miaka 15 hadi 40 baada ya ugonjwa, au zaidi.

Ndiyo maana safari ya Raskazone inakuumiza. Mzee hakukosea kwa nia mbaya. Kwa mtu mwingine ushauri ule ni sahihi. Kwako wewe, seli zilizobaki zinafanya kazi kupita kiasi tangu utotoni, na cherehani ya kukanyaga ni mazoezi tosha ya siku nzima. Acha safari hiyo kwa sasa. Mazoezi mepesi yapo, ya kunyoosha viungo, au kuogelea kama una pa kuingilia majini kwa usalama, kwani maji hubeba uzito. Kipimo changu ni asubuhi ya pili: ukiamka bado umechoka au msuli unauma kuliko jana, ulizidisha. Punguza nusu.

Ganzi ya vidole ni habari nyingine, na nafurahi umeitaja. Polio huchukua nguvu, haichukui hisia. Mtu wa polio mwenye ganzi tafuta sababu nyingine, usiitupie polio kila kitu. Nina wanawake kadhaa wanaotembea kama wewe. Gauni la kila mmoja limefifia rangi mahali pamoja, juu kidogo ya goti, pale kiganja kinapokandamiza kila hatua. Miaka hamsini ya kukandamiza vile, kifundo cha mkono kimekunjwa nyuma, hubana mshipa wa fahamu unaopita hapo. Sijakugusa, kwa hiyo nakisia, lakini ningeanzia hapo. Usiku funga kifundo kwa kibao laini kikae kimenyooka.

Kabla hatujaita jina la sindromu, nenda hospitali, hata Bombo, wakupime wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, na wakuangalie mgongo. Hakuna kipimo kimoja kinachosema "ndiyo hii". Hujulikana kwa kuondoa mengine. Na asikuuzie mtu sindano za "kuamsha mishipa". Dawa kadhaa zimejaribiwa, prednisone ikiwemo, hazikurudisha nguvu. B12 humsaidia aliyepungukiwa nayo, basi.

Kinachosaidia ni kuipa misuli likizo. Funga mota kwenye cherehani. Ile pedeli yake hukanyagwa kwa ncha ya kidole. Kazi za kukata kitambaa fanya asubuhi ukiwa na nguvu, tena ukiwa umekaa, na pumzika kabla hujachoka, si baada. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote kwa watu wa polio. Mmelelewa kwa kuambiwa jikaze.

Pia rudia vyuma vya mguu. Najua ulivitupa, kila mtu alivitupa, vilikuwa vizito kama mlango. Siku hizi ni plastiki nyepesi, na Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna chuo cha mafundi wa vifaa hivyo. Goti likishikwa na kifaa, mkono unaachiwa paja. Wakati unasubiri, tumia gongo mkono wa kulia, upande wa pili wa mguu dhaifu, mpini wake uzungushiwe mpira uwe mnene.

Mambo mawili hayasubiri miadi: kupaliwa chakula mara kwa mara, na kukosa pumzi ukilala chali au kuamka na kichwa kinauma kila siku. Ukipangiwa upasuaji wowote, hata wa jino kwa dawa ya usingizi, mwambie mtaalamu wa usingizi kwamba uliugua polio. Baadhi ya dawa za kulegeza misuli nguvu zake hudumu muda mrefu zaidi kwa watu kama wewe.

Ukija kwa fizio, njoo na viatu vya kila siku, vile vilivyolika upande, si vya sikukuu.