Shina likikatwa karibu lote likalazwa, mbona mti haufi?

SWALI: Shikamoo mtaalam. Niko Leicestershire, Uingereza, wikendi najitolea na kikundi kinacholaza uzio wa miti ya miiba mashambani, ile style ya zamani. Shina linakatwa kule chini karibu lote halafu linalazwa. Mbona haufi? Na mbona mimi mengi yananivunjikia mkononi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Haufi kwa sababu maji ya mizizini hayapandi katikati ya shina, yanapandia ile mbao changa iliyo jirani na gome, na chakula cha majani kinashukia kwenye gome lenyewe, kwahiyo ukibakiza ule ulimi wa gome na mbao changa kidogo tu shina linaendelea kuishi hata likiwa limelala.

Sasa kuvunjika. Nahisi unaogopa kukata, unaacha ulimi mnene tena mfupi, na hapo ndo unaharibu, maana ni kama fito, nyembamba inapinda, nene inavunjika. Anza kukata juu kidogo, shuka mshazari mkali mpaka karibu na udongo ili ulimi uwe mrefu, kisha lisukume taratibu, likigoma usilazimishe, rudi upunguze tena. Siku ya barafu kali mbao inavunjika kirahisi, bora usubiri. Na kama kuna mteremko laza kuelekea juu, sio bondeni.

Ila nikuombe kitu, usikimbilie shina linalofuata ukaacha kisiki hivihivi! Kile kidole kilichobaki kimesimama kikate chini kabisa, mshazari na kisafi, mvua iteleze isikae ikaozesha. Machipukizi mapya yatatokea hapo, na hayo ndo uzio wa miaka ijayo, yale mashina yaliyolala yanazuia tu ng'ombe na kondoo wakati mapya yanakua. Mimi nikikagua kazi ya mtu naangalia visiki kwanza, urembo wa juu baadaye.

Vigingi vya kushikilia mashina yaliyolala, kwa style ya Midlands (katikati ya Uingereza) mnayotumia huko, viwe kama sentimita 45 kutoka kimoja hadi kingine, juu msuke fito za mti wa hazeli. Kazi ni ya Oktoba hadi Machi hivi, mti umepumzika na ndege hawajaanza viota.

Na yale yaliyokuvunjikia usiyang'oe jamani, safisha kisiki vilevile, pengo lizibe kwa shina la jirani, spring ya huko ikifika kisiki kitachipua.