Hadithi ya maneno 3,800, na hela ya uchapaji

Ndugu Mhariri, nimestaafu baada ya kufundisha darasa la kwanza na la pili miaka mingi. Nimewaandikia watoto wanaoanza kusoma hadithi ya Sechelela na punda wake aliyegoma njiani wakitoka kisimani. Ina maneno 3,800. Mwenye steshenari mmoja hapa Dodoma anataka nilete hela achape nakala 1,000 kwa mkupuo. Nianze?
*Mwalimu mstaafu, Chamwino*

Hela ibaki mfukoni kwanza, Mwalimu. Huyo ni mchapaji, si mchapishaji. Mchapishaji hutia fedha zake na kukulipa mrabaha, yaani sehemu ya mauzo. Mchapaji analipwa hata nakala zote zikiishia chini ya kitanda chako.

Halafu hadithi ni ndefu mno. Chukua karatasi 6 za A4, zikunje katikati, zipige pini mbili mgongoni. Hizo ni kurasa 24. Vitabu vya pini huenda kwa mafungu ya kurasa 4, kwa hiyo kitabu cha kurasa 21 kitakuachia kurasa tupu mwishoni. Ukurasa wa 1 ni wa jina la kitabu, wa 2 wa hakimiliki na ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba). Zinabaki 22. Kwa maneno 20 hadi 25 kila ukurasa, hadithi nzima haivuki 550. Namba witiri hukaa kulia: punda agome hapo, mtoto afunue aone kilichofuata.

Sentensi za kukata ni za namna hii: “Punda aliyekuwa amebebeshwa madumu manne ya maji aligoma kutembea kutokana na uchovu uliokuwa ukimkabili.” Jaribu hivi: “Punda amesimama. Sechelela anavuta kamba. Punda hatikisi hata sikio.” Madumu, jua na mbuyu vitaonekana kwenye picha.

Hapo ndipo ualimu wako unapolipa, kwa sababu unajua silabi zipi zinakuja lini. Mtoto aliyetoka tu kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) akikutana na “aking’ang’anizwa” atasahau hadithi ilikuwa inahusu nini. Lakini ualimu huo huo unaponza. Mwalimu akiandika, mara nyingi anayetatua tatizo ni babu au mwalimu, na ukurasa wa mwisho unauliza tumejifunza nini. Watoto wanalinusa somo toka mbali. Mwache Sechelela mwenyewe agundue kwamba kamba imemkata punda tumboni.

Kisha mpe mtoto asiyekujua asome kwa sauti, wewe kaa kimya na penseli. Watoto watatu wakikwama mahali pamoja, tatizo ni sentensi. Wajukuu wako hawafai kwa kazi hii, watakusifu tu.

Ukitaka kiingie shuleni kama kitabu cha ziada, njia inapita kwa ithibati, yaani kibali cha ubora, ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Ulizia masharti yao kabla ya kuchapa, maana kurekebisha nakala 1,000 zilizokwisha kuchapwa haiwezekani.

Mpwa wangu anachora vizuri. Nipeleke mswada kwa mchapishaji pamoja na michoro yake?
*Msomaji, Kondoa*

Si lazima. Wachapishaji wengi hupenda kuchagua mchoraji wao, na michoro dhaifu huweza kuangusha maandishi mazuri. Ukijichapishia mwenyewe, andikianeni mkataba hata kama ni mpwa: malipo kiasi gani, na michoro ni ya nani kitabu kikichapwa tena. Aanze na ukurasa mmoja wa mhusika akiwa amesimama, amekaa, amegeuka, ili gauni lisibadilike rangi katikati ya hadithi. Michoro yote ipite kwanza kwa penseli, ndipo rangi. Iskaniwe kwa nukta 300 kwa inchi, na pembeni aongeze milimita 3 za kukatwa. Karatasi ya gramu 80 (uzito wa mita moja ya mraba) huonyesha rangi za upande wa pili. Omba ya gramu 115 au zaidi, na nakala moja ya mfano kabla mashine haijawashwa.