Yoti ya familia Ugiriki: Agosti acheni Santorini

Msomaji ameuliza: familia ya watu watano, mtoto mdogo ana miaka minne, wiki moja ya Agosti. Wanataka kukodi yoti Athens, wafike kisiwa cha Santorini, warudi. Jibu ni hapana, nami nalisema kwa uchungu, maana anayelipia kosa hili ni yule wa miaka minne.

Kutoka Alimos, marina (bandari ya yoti) ya Athens, hadi Santorini ni zaidi ya maili 110 za baharini, na yoti ya futi 40 huenda maili 5 au 6 kwa saa. Kwenda, upepo uko mgongoni. Kurudi ndiko kwenye kazi. Julai na Agosti upepo uitwao meltemi huvuma visiwa vya Cyclades, ilipo Santorini, kutoka kaskazini, nguvu 5 hadi 7 kwa kipimo cha upepo cha Beaufort, siku tatu au nne mfululizo, jua likiwaka na mbingu haina wingu. Mawimbi ya bahari hii ya Aegean ni mafupi na yamesimama. Omo, yaani mbele ya chombo, inapiga maji bila kupumzika, na mtoto anatapika tangu asubuhi. Mkataba nao hausubiri: ni Jumamosi hadi Jumamosi, na Ijumaa jioni chombo kiwe kimerudi. Hapo ndipo watu hung'oa nanga siku wasiyopaswa. Halafu kaldera yenyewe ya Santorini, shimo la volkano lililojaa bahari, ina kina cha mamia ya mita. Pa kutia nanga ni shida.

Nendeni Ghuba ya Saronic, iliyo jirani na Athens. Jumamosi chombo hukabidhiwa jioni, kwa hiyo nunueni maji na mlale marina. Jumapili Aegina, kama maili 17. Kisha Palaia Epidavros, Poros, Hydra, na Alhamisi mrudi Poros, ili Ijumaa zibaki karibu maili 30 za kuanza alfajiri. Siku nyingine ni safari za saa mbili hadi nne. Muwe mmeshafunga kamba kabla ya saa nane mchana, kwa kuwa bandari hujaa. Ya Hydra ni ndogo mno; ikijaa, lazeni chombo Ermioni, ng'ambo yake bara, kisha mwende Hydra kwa boti ya abiria.

Gatini chombo hufungwa tezi, yaani nyuma yake, ikielekea gati, na hapa ndipo likizo nyingi huharibika. Shusha nanga ukiwa bado mbali na gati, urefu wa chombo mara tatu au nne, kisha rudi nyuma taratibu mnyororo ukitoka mfululizo, mita 40 au 50. Ukizuiwa mapema, tezi haifiki. Ukiachiwa kwa mkupuo, unarundikana chini na nanga haishiki. Kamba ya upande unakotoka upepo itangulie. Watoto wakae, na asiwepo anayezuia gati kwa mguu. Asubuhi nanga ikinasa mnyororo wa jirani, usivute kwa nguvu. Inua mpaka uuone, pitisha kamba chini yake, funga ncha zote mbili kwenye omo, shusha nanga yako kidogo ijinasue, sogeza chombo kando, ndipo uachie ncha moja.

Msipochukua nahodha, mkataba hutaka leseni inayotambulika na mtu wa pili mwenye uzoefu. Nahodha hugharimu takriban euro 200 kwa siku, na juu ya hizo mnampa chakula na chumba chake, hivyo watu watano watafute chombo cha vyumba vinne. Amana mara nyingi ni euro 2,000 hadi 4,000. Mafuta mnarudisha tangi likiwa limejaa.

Wenye pasipoti za Kenya au Tanzania, viza ya Schengen huombwa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, na bima ya euro 30,000. Ambatanisheni mkataba wa chombo, na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti.

Karatasi ya chooni haiingii chooni, inaziba bomba; iende kwenye pipa.

Mwisho, jaketi okozi. Pimeni uzito wa kila mtoto nyumbani, mwandikie kampuni pamoja na ombi la nyavu za kuzungushia kingo. Siku ya kupokea chombo mvalisheni, fungeni mkanda unaopita katikati ya miguu, kisha mnyanyueni kwa mabega ya jaketi. Kidevu kikizama ndani, daini nyingine kabla hamjatia saini.