Malaria ya Kibosho imetoka wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mie naishi Kibosho, huku juu mlima Kilimanjaro, na huku kwetu baridi unaijua mwenyewe, mbu ni wa kuhesabu. Mwezi uliopita nilishuka Mabogini, kule tambarare chini ya Moshi, kumsaidia mjomba kupandikiza mpunga, nikakaa siku nne, neti ilikuwepo moja tu ya mjomba na mkewe, sie vijana tukalala nje kwenye turubai. Nimerudi nyumbani niko fresh kabisa, wiki ikapita na siku kadhaa, mara homa, kutetemeka, kichwa kinapasuka. Bibi akasema ni baridi, akanichemshia mchaichai. Siku ya tatu ndo nkaenda zahanati, kupimwa, malaria! Mjomba mwenyewe mzima wa afya. Sasa hiyo imetoka wapi, na je nimewaambukiza wa nyumbani?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hiyo malaria haijatoka Kibosho, umepanda nayo mwenyewe kwenye hiace. Ukishang'atwa, vimelea vinaenda kwanza kujificha kwenye ini, vinazaliana huko kimyakimya wiki moja mpaka mbili hivi ndo viingie kwenye damu uanze kutetemeka, kwa hiyo homa inakukuta umesharudi kihambani na mpunga umeshausahau.

Na ulishuka wakati mbaya. Shamba likishapandikizwa, miche bado midogo, maji yametulia na jua linapiga mpaka chini, mbu wa malaria hapo ndo anapapenda kutaga, mpunga ukishafunga kivuli wanapungua. Halafu mbu wa huko tambarare hakusubiri uingie chumbani, anang'ata hata nje, na akikosa mtu anamalizia kwa ng'ombe. Sasa nyie mmejipanga kwenye turubai kama mishikaki!

Mjomba kuwa mzima usishangae. Mtu aliyeng'atwa miaka yote mwili unajenga kinga kidogo, anaweza hata kutembea na vimelea asijue, ila we wa mlimani mwili haujazoea, ikikupata inakuangusha vibaya. Ndo maana zile siku tatu za mchaichai zimenitisha. Bibi simlaumu, mie mwenyewe mchaichai naunywa, lakini homa baada ya kutoka huko chini unapimwa siku hiyohiyo, na ukifika zahanati usisubiri kuulizwa, sema nilikuwa Mabogini, maana huko juu mtu anaweza akafikiria mafua kwanza. Dawa mseto uliyopewa ni dozi 6 kwa siku 3, meza na maziwa au chakula chenye mafuta, na umalize hata kama homa imekata jana.

Wa nyumbani hujawaambukiza kwa kulala nao wala kula sahani moja. Mpaka mbu wa malaria akung'ate we, vimelea vikomae ndani yake siku kumi na zaidi, ndo amng'ate mwingine, na kwenye baridi ya chini ya nyuzi 16 hivi havikomai. Sisemi huko juu hamna kabisa, msimu wa joto kuweni macho.

Safari ijayo beba neti yako kwenye begi. Mnalala nje? Vijiti vinne, kamba, unafunga hapohapo juu ya turubai na kuchomeka chini ya godoro au mkeka.

SWALI: Dada, neti niliyopewa kliniki nikiwa mjamzito nimeifua na dawa ya kutoa madoa nikaianika juani, sasa nasikia nimeiharibu. Ni kweli? Mama wa Pasua.

JIBU: Umeipunguzia nguvu mdogo wangu, ila usiitupe. Hiyo dawa ya madoa achana nayo, jua kali nalo linakula ile dawa ya kuua mbu iliyomo kwenye neti. Fua kwa sabuni ya kipande, maji ya kawaida, bila kusugua kama unafua jeans, anika kivulini. Na usiifue kila wiki, zile neti zinapimwa zihimili kufuliwa mara 20, sasa we piga hesabu itaisha lini. Hata dawa ikiisha bado ni ukuta, alimradi haina tundu, kwa hiyo iangalie leo kwa mwanga wa mlangoni, ukiona tundu la kupita kidole chukua sindano na uzi.