Klachi mpya, miezi minne imeisha: maswali yenu ya pikapu

Mwezi huu meseji za klachi zimekuwa nyingi kuliko zote, na karibu zote za pikapu za mzigo, kwa hiyo nimeona ukurasa mzima tuuache kwa klachi tu. Nimezifupisha kidogo ila maneno ni yenu.

Shikamoo fundi. Nina Hilux ya dizeli, injini 5L, nabeba mzigo wa duka kutoka Dar kuja Makambako na msimu wa viazi naingia mpaka Makete. Mwezi wa tatu nilifunga klachi mpya yote, pleti, presha na rilizi. Sasa ni mwezi wa saba tu, juzi napanda Kitonga nimeweka gia ya pili, resi zinapanda, injini inalia, gari halisogei na harufu ya kuungua imejaa ndani. Fundi aliyefunga anasema spea ilikuwa feki ninunue nyingine. Ni kweli? Maana hela ya kushusha gia boksi mara mbili kwa mwaka sina. — Msomaji, Makambako

Marahaba mdogo wangu, pole sana, na mlima wenyewe Kitonga ukiwa na mzigo nyuma na malori yanakusukuma.

Spea feki zipo, sikatai, nimezishika kwa mikono yangu. Lakini klachi ikiisha ndani ya miezi minne mimi siendi dukani kwanza, naenda uvunguni, maana ukifunga nyingine juu ya ugonjwa ule ule utarudi tena Kitonga na harufu ile ile. Klachi kazi yake ni kubana. Pleti inakaa katikati, huku flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, huku presha pleti, zikiibana vizuri nguvu inaenda kwenye gia boksi, zikishindwa kuibana inateleza na hapo ndo resi zinapanda gari limesimama. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja, nini kinazuia kubana?

Kwanza hakikisha kweli inateleza. Sehemu ya tambarare, mbele pasiwe na mtu, vuta hendibreki yote, kanyaga na breki ya mguu, weka gia ya nne, piga resi kidogo halafu achia klachi taratibu. Injini ikizima palepale klachi inabana. Ikiendelea kuunguruma kama hakuna kilichotokea, inateleza. Fanya mara moja tu inatosha, ukirudia rudia unaiunguza mwenyewe.

Sasa ingia chini na tochi. Pale injini inapokutana na gia boksi, chini kabisa, angalia kama pana unyevu wa oili. Pitisha kidole, uangalie halafu unuse. Ya injini ya dizeli ni nyeusi tii, inachafua kidole kama masizi, hiyo maana yake sili, ile raba ya kuzuia oili, ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) imechoka. Ya gia boksi ni nzito na ina harufu kali inayokaa puani, kama ya kiberiti, hiyo ni sili ya shafti ya mbele ya gia boksi. Yoyote kati ya hizo ikidondokea kwenye pleti hata kidogo tu, kwisha habari, pleti mpya itateleza hata kama umeinunua kwa bei gani, na pleti iliyolowa oili haioshwi kwa petroli ikapona, inabadilishwa. Hili ndo ninalolishuku kwako kuliko mengine yote, sababu mafundi wengi wakishusha gia boksi wanabadilisha klachi wanaacha sili ya zamani pale pale wakati sili yenyewe bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kazi ya kuifikia.

La pili muulize fundi wako, flaiwili aliifanyaje? Kama aliifuta na kitambaa tu akafunga, hapo pana shida. Flaiwili iliyopata moto inakuwa na madoa ya bluu na vinyufa vidogo kama udongo uliokauka, inang'aa kama kioo, pleti mpya haishiki vizuri pale. Inapelekwa kwa mchonga vyuma inachongwa kidogo mpaka uso uwe sawa, na ikiwa nyufa ni za ndani inatupwa.

La tatu ni pedeli. Kanyaga klachi kwa kidole cha mkono, sio mguu. Mwanzoni kabisa inatakiwa iwe na uhuru kidogo kabla hujakuta uzito, Toyota nyingi ni kama milimita 5 mpaka 15. Kama hakuna uhuru kabisa maana yake rilizi, ile beringi inayosukuma vidole vya presha ukikanyaga, muda wote inaviegemea, ni sawa na kuendesha umekanyaga nusu klachi kutoka Dar mpaka Makambako. Hiyo inarekebishwa kwenye fimbo ya masta, ile pampu ya oili ya klachi inayosukumwa na pedeli, kwa ndani chini ya dashibodi, unalegeza nati unazungusha fimbo, hela yake ni ya soda.

La nne usinichukie, ni mguu wako au wa dereva wako. Ukisimama mlimani kwenye foleni unashikilia gari kwa klachi? Unaondoka na gia ya pili ukiwa na gunia nyuma? Mguu unaupumzisha juu ya pedeli ukiwa barabarani? Haya yanaimaliza klachi nzima nzima, hata original.

Mkishusha, omba hiyo pleti iliyotoka usiiache gereji, itakueleza. Ikiwa imelowa ni oili. Ikiwa kavu inang'aa na nyeusi imeungua ni kuteleza kwa moto, iwe mguu, pedeli au mzigo. Ikiwa imemeguka vipande na ripiti, ile misumari inayoshika uso wa pleti, bado ziko ndani, hapo ndo nitaamini maneno ya feki. Kipimo cha kuisha chenyewe ni ripiti, zikibaki chini ya milimita 0.3 kutoka usoni pleti haifai tena.

Na wakati wa kufunga uwepo, simama pale. Pleti ina upande, kitovu kilichotokeza kinatazama gia boksi, ikigeuzwa klachi haitaachia na mtashusha tena. Mikono isiwe na grisi. Bolti za presha zinakazwa kwa kuvukana, moja huku nyingine upande wa pili, kidogo kidogo, sio moja mpaka mwisho. Pleti iwekwe katikati kwa shafti ya zamani au kijiti kilichochongwa kikae sawa. Na hili nalisema kwa uchungu maana niliona likitokea gereji niliyojifunzia: gia boksi likiingizwa lisiachwe lining'inie kwenye shafti wakati mtu anatafuta bolti. Siku ile walikuwa vijana wawili, mmoja akaenda kuchukua supana, mwingine mikono ikachoka akaliachia liegemee, dakika mbili tu, kitovu cha pleti mpya kikapinda. Gari likawa linatetemeka kila likiondoka, mwenye gari akarudi baada ya siku tatu, pleti ikatupwa ikiwa mpya kabisa. Tumieni jeki chini ya gia boksi mpaka bolti zote ziwe zimeshika.

Vumbi la ndani msilipulize na upepo wa kompresa, pleti za zamani nyingine zina asbesto na hiyo kitu mapafuni haitoki. Lowesheni, futeni na kitambaa kibichi. Halafu ukiianza, kilomita 500 za mwanzo mzigo uwe wa kiasi, usiende nayo Kitonga kesho yake.

Habari kaka fundi, mimi ni mfanyabiashara wa mahindi Babati, nina pikapu ya gia za mkono. Asubuhi gia haziingii kabisa, rivasi inakwaruza mpaka aibu, nikikanyaga kanyaga klachi mara tatu nne inaingia vizuri. Fundi anataka kushusha gia boksi, kanipa bei ya klachi nzima. Nilipe? — Mama wa mahindi, Babati

Salama dada yangu. Usilipe, subiri kwanza.

Umejijibu mwenyewe hapo uliposema ukikanyaga mara tatu nne inaingia. Pleti iliyoisha haiponi kwa kukanyagwa, ila oili ya klachi iliyokuwa inavuja au yenye hewa ndo inapata presha ukipampu. Kwa hiyo tatizo lako liko kwenye masta ya juu, silinda ya chini au mpira unaoziunganisha, na vyote hivyo viko nje, gia boksi halishushwi.

Fungua boneti uangalie kikopo cha oili ya klachi, ikiwa imeshuka au imekuwa nyeusi kama kahawa ya jana, raba za ndani zinalika. Kisha inama chini ya usukani upapase fimbo inapoingia kwenye masta, na zulia la chini yake. Pakiwa na majimaji yanayoteleza ni masta. Kuna na dalili nyingine naipenda sana maana haidanganyi, rangi ya gari chini ya masta ndani ya boneti: oili ya breki inakula rangi, ukikuta imevimba na kubanduka vipande jua imevuja pale muda mrefu. Ukitoka hapo nenda ubavuni mwa gia boksi kwenye silinda ya chini, vuta kile kikofia cha raba nyuma kidogo kwa kidole, yakitoka matone umempata mwizi. Na kama nje pote ni pakavu bado usiisamehe masta, raba yake ya ndani ikichoka oili inarudi kwenye kikopo bila kudondoka hata tone.

Mara nyingi ni ripea kiti tu, yaani seti ya raba mpya, ila kama ukuta wa silinda umepata kutu au michirizi badilisha silinda, raba mpya kwenye ukuta uliochubuka haidumu. Mimi nabadilisha za juu na chini pamoja, maana ya juu ikipata nguvu mpya ya chini iliyochoka inafuata wiki hiyo hiyo. Halafu toa hewa. Mtu mmoja ndani akanyage taratibu ashikilie, wewe chini legeza nati ya kutolea hewa yenye mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa yenye oili kidogo, funga kabla hajaachia, mrudie mpaka vipovu viishe, na kikopo cha juu kisikauke hata mara moja.

Oili ni ya breki, DOT 3, basi. Kuna kijana aliwahi kuweka oili ya injini kwa sababu ndo iliyokuwepo, raba zote zikavimba, pedeli ikawa ikikanyagwa hairudi, tukabadilisha masta, silinda na mpira mzima.

Yote hayo yakifanyika na rivasi bado inakwaruza, mtu akanyage klachi wewe utazame fimbo ya silinda ya chini. Ikitoka fupi bado pana hewa, au mpira umechoka unavimba ukikanyaga. Ikitoka ndefu na bado hali ni ile ile, hapo sasa kubali gia boksi lishuke, tatizo liko ndani.

Fundi, gari ikiwa imewaka kuna mlio kama wa nyenje. Rilizi au gia boksi? — Kijana wa Kahama

Weka gia huru, iache injini inanguruma, sikiliza mguu ukiwa juu. Sasa kanyaga klachi. Mlio ukianza pale unapokanyaga, ni rilizi. Ukiwa unalia mguu ukiwa juu na ukikanyaga unanyamaza, mara nyingi ni beringi ya shafti ya mbele ya gia boksi, maana ukikanyaga ile shafti inasimama. Rilizi inayolia kidogo inaweza kukufikisha mbali lakini usiisubiri ijame, itakula vidole vya presha na bei inakuwa nyingine.

Klachi ikifa njiani kabisa usiku, naweza kufika nyumbani? — Dereva, Singida

Kama iliyokufa ni ile ya kukanyaga haiachii, ndio, polepole. Zima injini, weka gia ya kwanza ukiwa tambarare na mbele pakiwa wazi, piga stata, gari litaondoka na kuwaka likiwa linatembea, ila baadhi ya magari stata haipigi mpaka klachi ikanyagwe, hayo ukanyage tu hata kama haiachii. Likishatembea nyanyua mguu kwenye mafuta, toa gia iwe huru bila nguvu, subiri resi zishuke kidogo halafu ingiza ya pili taratibu, ikikataa usilazimishe. Ukitaka kusimama toa gia kabla, la sivyo injini inazima. Kama ni ya kuteleza mambo ni tofauti, punguza mzigo, tumia gia ndogo, usipige resi, na ikianza kunuka simama ipoe. Mjini kwenye watu wengi usijaribu, tafuta wa kukuvuta. Na piga simu nyumbani mapema, geti liwe limeshafunguliwa kabla hujafika.