SEO kwa muuza mashine za kutotolesha: andika bei, jibu swali, pima ujumbe

Wiki hii msomaji mmoja anayeuza mashine za kutotolesha vifaranga kaniandikia: "Kaka, tovuti ina mwezi wa nane sasa. Nilimlipa mtu wa SEO, akaniahidi ukurasa wa kwanza ndani ya wiki mbili. Mpaka leo wateja wangu wote wanatoka kwenye status ya WhatsApp." SEO ni kazi ya kuifanya tovuti ionekane kwenye matokeo ya utafutaji ya Google. Shida za tovuti yake ni zilezile za maduka mengi ya mtandaoni ya kwetu, kwa hiyo namjibu hapa hadharani, kwa ruhusa yake. Wewe unayeuza magodoro, sola au vitenge, badilisha jina la bidhaa tu.

Kwanza hilo la wiki mbili. Google wenyewe wameandika kwamba hakuna mtu awezaye kumhakikishia mwenzake nafasi ya kwanza, na kwamba badiliko kwenye tovuti laweza kuonekana baada ya saa chache au baada ya miezi kadhaa. Akitokea tena mtu wa kukutajia tarehe, usimpe hela.

Anza kwa kujua kama Google inakuona

Kwenye kisanduku cha Google andika site: na jina la kikoa chako bila kuacha nafasi, yaani site:jinaladuka.co.tz. Zitakazojitokeza ni kurasa ambazo Google imezihifadhi. Zisipotokea kabisa, acha kuhangaika na maneno. Huenda kuna mahali umefunga mlango mwenyewe. Kwa wanaotumia WordPress, ingia Settings, kisha Reading, utazame kile kisanduku kinachozuia injini za utafutaji. Fundi hukiwekea tiki wakati anajenga ili kazi isionekane ikiwa nusu, halafu anakabidhi tovuti bila kuitoa. Tiki hiyo moja hutia agizo la noindex, yaani "usihifadhi ukurasa huu", kwenye kurasa zote. Itoe, hifadhi, na tovuti itaanza kusomwa.

Hatua inayofuata ni Search Console, kifaa cha Google kinachokuonyesha jinsi tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji, nacho ni cha bure. Chagua kuthibitisha kikoa kizima. Utapewa mstari wa herufi na tarakimu wa kuweka kwenye DNS (mipangilio ya kikoa) kama rekodi ya TXT, pale kikoa kilipolipiwa. Wengi hukwama hapa, kwa sababu kikoa kiko kwenye akaunti ya fundi na fundi hapokei simu. Kama kikoa chako kimesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hilo ndilo la kumaliza kabla ya mengine yote. Siku mkikosana, ataondoka na kila kitu ulichojenga.

Ukishathibitisha, wasilisha ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zako. WordPress tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 huitengeneza yenyewe kwenye anwani inayoishia na /wp-sitemap.xml; anayetumia Yoast, programu-jalizi ya SEO, ataikuta kwenye /sitemap_index.xml. Baada ya siku kadhaa fungua ripoti ya kurasa. Utakuta hali mbili zinazofanana kwa jina lakini tiba zake ni tofauti. Ukurasa ulioandikwa "Discovered", Google inajua upo lakini haijaja kuusoma. Mara nyingi hakuna ukurasa mwingine wa tovuti yako unaouelekeza, kwa hiyo uunganishe kutoka ukurasa wa mwanzo na kutoka kwa bidhaa zinazofanana nao. Ulioandikwa "Crawled" kisha ukaambiwa haumo, Google imeusoma ikaamua kuuacha. Huo hauhitaji kuwasilishwa tena na tena. Unahitaji kuandikwa upya.

Na kwa nini unaachwa? Kwa ndugu yangu huyu, kurasa kumi na kitu za mashine zina maelezo yaleyale ya kiwandani, kimebadilika kipimo tu. Kwingine ukurasa mzima ni bango la WhatsApp: bei, namba ya simu na sifa zote zimo ndani ya picha, na chini yake hakuna sentensi hata moja. Unachotaka kisomwe, kiandike kwa maandishi ya kawaida.

Maneno yamo kwenye simu yako

Kabla hujalipia programu ya kutafuta maneno, fungua WhatsApp ya biashara, rudi nyuma miezi mitatu, unakili maswali ya wateja jinsi walivyoyaandika. "Mashine ya mayai 64 bei gani", "umeme ukikatika mayai yanaharibika", "nyie mnatuma Songea". Kisha nenda Google kwenye dirisha la faragha, andika "mashine ya kutotolesha" uache ikumalizie. Ongeza herufi moja moja mwishoni, uone inapendekeza nini. Shuka pia hadi kwenye maswali ambayo watu wengine huuliza. Keyword Planner, kifaa cha Google cha kuonyesha maneno yanatafutwa mara ngapi, nayo inafaa, ila kwa Kiswahili mara nyingi hukuonyesha namba ndogo sana au haionyeshi chochote. Neno lisiachwe kwa sababu hiyo. Watu 20 kwa mwezi wanaotafuta bei ya mashine ya mayai 528 wana thamani kubwa kwako kuliko maelfu wanaosoma habari za kuku kwa kujifurahisha.

Utaona wateja wanakiita kitu kimoja kwa majina mengi: mashine ya kutotolesha vifaranga, mashine ya kuangulia mayai, na wengine wanaandika "incubator" katikati ya sentensi ya Kiswahili. Usitengeneze kurasa tatu. Anayetafuta ni mtu yuleyule na anataka kitu kilekile, na kurasa zako tatu zitanyang'anyana nafasi. Tengeneza mmoja, jina linalotumika zaidi likae kwenye kichwa, mengine yaingie ndani ya maelezo pale yanapokaa vizuri. Kichwa kisizidi herufi 60 hivi, la sivyo hukatwa kwenye matokeo: "Mashine ya Kutotolesha Mayai 64: Bei na Uwezo Wake" kinatosha. Yale maelezo mafupi ya chini yake, yenye herufi 150 au zaidi kidogo, hayakupandishi nafasi, lakini ndiyo yanayomshawishi mtu abofye. Na lile sanduku la maneno muhimu (meta keywords) ambalo mafundi bado wanalijaza, Google ilitangaza tangu 2009 kwamba hailitumii kupanga matokeo.

Andika bei

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. "Bei njoo inbox" inaua biashara za watu. Mteja kaandika "bei" kwenye Google, kabofya ukurasa wako, bei haipo, anarudi na kumbofya jirani yako. Kama bei hupanda na kushuka, iandike pamoja na tarehe uliyoihakiki, na ikibadilika uibadilishe palepale, kwenye anwani ileile. Usifungue ukurasa mpya kila mwaka.

Ukurasa mmoja wa mashine ya mayai 64 uwe na bei kwa shilingi, wati inazotumia, kama inageuza mayai yenyewe au unageuza kwa mkono, kama inakubali betri ya volti 12 umeme ukikatika, betri hiyo inadumu saa ngapi, vipuri vinapatikana wapi, dhamana ya muda gani, na gharama ya kuituma mikoani. Piga picha za ndani ya mashine yako mwenyewe: feni, trei, kipimajoto. Picha za kiwandani wanazo wauzaji wote. Kama duka limejengwa kwa WooCommerce, programu-jalizi ya duka ya WordPress, taarifa za bei na upatikanaji huandikwa kwa mpangilio ambao Google huusoma na inaweza kuuonyesha kwenye matokeo. Hakiki kwa kifaa chao cha Rich Results Test, uone sarafu imeandikwa TZS na si dola. Mashine ikiisha, ukurasa usifutwe. Andika kwamba imeisha na uelekeze kwenye inayofanana nayo. Kama haitarudi kabisa, ielekeze anwani hiyo kwa 301 (uelekezaji wa kudumu) kwenye bidhaa iliyo karibu nayo zaidi.

Makala zinazoleta mnunuzi

"Kuku huatamia siku ngapi" ni swali lenye jibu la neno moja, 21, na Google hulijibu juu kabisa bila mtu kubofya. Usipoteze usiku wako hapo. Andika pale ambapo jibu haliishi kwa sentensi moja. Mfano mzuri ni "kwa nini mayai hayaanguliwi kwenye mashine", ambalo huulizwa na mtu ambaye tayari ana mashine mbovu au ameazima ya jirani.

Na ukiliandika, liandike kama mtu wa kazi. Mashine yenye feni ikae nyuzijoto 37.5, isiyo na feni hupimwa juu ya mayai na huhitaji kuzidi 38 kidogo. Unyevu uwe asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha 65 hadi 70 kwa siku tatu za mwisho. Mayai yageuzwe angalau mara tatu kwa siku na kugeuza kukome siku ya 18. Siku ya 7 yapimwe kwa mwanga wa tochi, yasiyo na mbegu yatolewe. Mayai ya kutotolesha yasikae zaidi ya wiki moja kabla ya kuwekwa, na ncha iliyochongoka itazame chini. Mashine isifunguliwe vifaranga vinapoanza kudonoa ganda, maana unyevu ukitoka utando hukauka na kifaranga hunasa humo. Weka jedwali, weka picha ya yai zuri na bovu chini ya tochi. Ukifika kwenye aya ya umeme kukatika, unganisha maneno "mashine inayokubali betri" na ukurasa wa bidhaa yako. Kiungo kinachosema "bofya hapa" hakimwelezi msomaji wala Google kilicho mbele.

Makala nne za namna hiyo zinatosha kwa mwanzo. Najua kuna wanaozalisha makala 200 kwa wiki kwa akili mnemba, nyingi kwa Kiswahili kilichovunjika. Machi 2024 Google iliweka wazi sera dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kuvuta nafasi tu bila faida kwa msomaji, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Tovuti ikishapata adhabu ya namna hiyo, hata kurasa zako nzuri zinaweza kuzama nayo.

Simu, bando na mahali ulipo

Picha iliyotoka kwenye simu moja kwa moja huwa na MB 3 au 4. Ukurasa wenye picha sita za hivyo unamla mteja bando kabla hajaona bei. Punguza upana hadi pikseli 1200, hifadhi kwa WebP (aina ya faili la picha jepesi), lenga chini ya KB 150. Ziondoe zile picha zinazozunguka juu ya ukurasa wa mwanzo. Karibu kila mara ndizo nzito kuliko vyote. Kisha pima kwa PageSpeed Insights, kifaa cha Google cha kupima kasi, upande wa simu: kitu kikubwa cha kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie kidole ndani ya milisekunde 200. Google husoma tovuti yako kama inavyoonekana kwenye simu, kwa hiyo usifiche maelezo kwenye simu ukayaacha kwa wenye kompyuta.

Kama una duka la kufikika, fungua wasifu wa biashara wa Google. Siku hizi uthibitisho mara nyingi huwa wa video: onyesha mtaa, kibao cha duka, ndani, na kwamba funguo unazo wewe. Jina liwe lile lililo kwenye kibao. Ukilibandika maneno kama "bei nafuu Dar", wasifu waweza kusimamishwa. Maoni ya wateja usiyaombe siku ya mauzo. Omba wiki tatu baada ya mayai kuwekwa, vifaranga vinapokuwa vimetoka, ndipo mteja ana jambo la kusema na picha ya kuweka.

Kuhusu viungo kutoka tovuti nyingine nitakuwa mfupi. Usinunue. Tangu 2012, kwa sasisho lililoitwa Penguin, Google inafuatilia viungo vya bandia. Omba kwa wanaokufahamu: kiwanda kikuweke kwenye orodha ya mawakala, duka la dawa za mifugo unaloshirikiana nalo likutaje, waandaaji wa maonyesho ya Nane Nane wakuweke kwenye orodha ya washiriki kama wanayo mtandaoni.

Pima kwa ujumbe unaoingia

Biashara zetu nyingi hufungwa WhatsApp, kwa hiyo idadi ya wageni peke yake haikwambii kitu. Kwenye kila ukurasa weka kiungo cha wa.me (kinachofungua mazungumzo ya WhatsApp) chenye namba yako inayoanza na 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo, ukimalizia na ?text= na ujumbe unaotaja ukurasa huo, nafasi kati ya maneno zikiandikwa %20. Mteja akibofya, ujumbe unakuja umeshaandikwa "Naulizia mashine ya mayai 64", nawe unajua umetoka wapi. Andika kwenye daftari au jedwali: ukurasa, ujumbe, mauzo.

Kila mwezi fungua Search Console, sehemu ya utendaji, ambayo hutunza takwimu za miezi 16. Tafuta kurasa zilizo nafasi ya 8 hadi ya 20. Hizo ziongezee majibu kwanza, maana ziko karibu. Ukurasa unaoonekana sana lakini haubofywi, badilisha kichwa chake. Na ule unaobofywa lakini hauleti ujumbe, usome kama mteja wa Mbeya anayetaka mashine ya mayai 528: pengine bei ipo, sifa zipo, ila hujaandika nauli ya kuifikisha Mbeya na itachukua siku ngapi.