Maziwa hayafiki mapafuni, na hiyo chupa pia haifiki

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 34, nasaga mawe ya dhahabu kwenye karasha, ile mashine ya kuponda mawe, huku Shelui, huu mwaka wa sita. Siku hizi nikipanda kilima kifua kinabana, na nina kikohozi kikavu. Nimepima makohozi, hakuna TB. Kila jioni tunakunywa maziwa kutoa vumbi. Sasa kuna mtu anauza dawa ya chupa, shilingi 35,000. Anasema wanasayansi wamegundua watoto wanaozaliwa na upungufu wa seli za kusafisha mapafu, na dawa yake inaziongeza seli hizo. Itanifaa? — Msomaji, Iramba

JIBU: Marahaba. Haitakufaa, na maziwa nayo hayajawahi kumtoa mtu vumbi. Naanza na maziwa kwa sababu wachimbaji wanaokuja kwangu hapa Dodoma, awe mtu wa Shelui, Sambaru au Londoni, karibu wote huniambia wanayanywa, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kutimiza wajibu wake. Kunywa, ni chakula. Lakini yanakwenda tumboni. Vumbi limepita njia ya hewa na kuingia mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Kinywaji hakifiki huko, na siku kikifika ujue umepaliwa.

Ninachokihofia kwako ni silikosisi, ugonjwa wa makovu ya mapafu unaoletwa na vumbi la mawe. Dhahabu nyingi hukaa kwenye mwamba wa kwatzi, na kwatzi ikisagwa kavu hutoa chembe zisizoonekana kwa macho. Lile vumbi unalojipangusa usoni jioni si baya kama hilo usiloliona. Chembe zikifika kwenye vifuko vya hewa zinamezwa na makrofeji, seli za kinga zinazokula vijidudu, masizi na mabaki ya seli zilizokufa. Vijidudu vingi huyeyushwa humo. Kwatzi haiyeyuki. Makrofeji iliyomeza kwatzi ni jino lililokutana na changarawe kwenye wali: changarawe haivunjiki. Seli inaharibika ndani kwa ndani, inakufa, inaiachia chembe ileile pamoja na kemikali zinazoita seli nyingine. Nyingine inakuja, inameza, inakufa. Hivyo ndivyo makovu yanavyojengeka, na yanaweza kuendelea kwa miaka hata baada ya mtu kuacha machimbo.

Sasa huyo muuzaji. Kinachoniudhi ni kwamba habari aliyoichukua ni ya kweli. Mwishoni mwa 2023 watafiti walieleza watoto 9 wenye hitilafu kwenye jeni iitwayo CCR2, inayosaidia seli changa kutoka kwenye damu na kuingia mapafuni, zinakogeuka makrofeji. Watoto hao walikuwa na karibu nusu tu ya makrofeji za kawaida mapafuni. Zilizokuwepo zilifanya kazi sawasawa, ila hazikutosha, na mapafu yakaharibika. Kabla yao, mwaka 2008, walielezwa watoto wengine ambao makrofeji zao haziisikii ishara ya mwili iitwayo GM-CSF, kwa kuwa kipokezi chake ni kibovu tangu kuzaliwa. Kwao, ule utando wa mafuta unaozuia vifuko vya hewa visinywee hauondolewi. Unarundikana mpaka mtoto anakosa pumzi, na inabidi aoshwe mapafu kwa maji ya chumvi akiwa chini ya nusukaputi. Ukimpa mtoto huyo GM-CSF halisi ya maabara haimsaidii, maana kilichoharibika ni kipokezi. Ikiwa dawa halisi inashindwa, chupa isiyoandikwa hata kilichomo itafanya nini?

Tena shida yako si hiyo. Seli zako hazijapungua. Zinakuja kwa wingi kupita kiasi na kufia kwenye jiwe. Dawa ambayo kweli ingeziongeza ingeweza hata kukuongezea makovu. Wala usiniombe kuoshwa mapafu kama watoto wale: maji hutoa kilicholala kwenye nafasi ya hewa, kovu halitoki.

Nenda hospitali upigwe eksirei ya kifua na upulize kile kipimo cha pumzi. Pale mapokezi sema unasaga mawe. Wengi huandikisha “mkulima”, na daktari anabaki kuhangaika na nimonia. Silikosisi haina dawa ya kuiondoa, kwa hiyo kinachobaki mkononi mwako ni kulikata vumbi: ukiweza ondoka kwenye karasha, usipoweza mawe yasagwe yakiwa yamelowa. Kitambaa usoni hakizuii chembe hizo. Na akina mama wanaoponda mawe na watoto mgongoni, hao nao wanavuta vumbi lilelile, watoto pia.

Kutokukutwa na TB mwezi huu si kinga ya mwezi ujao. Makrofeji zinazoumizwa na kwatzi ndizo zinazotakiwa kuizuia TB, ndiyo maana mwenye silikosisi huipata kwa urahisi mara kadhaa kuliko mtu mwingine. Ukianza kupungua, kutokwa jasho usiku au kukohoa damu, rudi upime; vipimo na dawa za TB ni bure.

Ndiyo maana sina subira na hawa watu wa chupa, wa kwenye mabasi na wa kwenye simu. Duniani kote dawa zinazoitwa za asili zimewahi kukutwa zimetiwa kwa siri steroidi, dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe. Steroidi inampa mtu nafuu kifuani kwa wiki moja au mbili, anamsifia muuzaji kijiji kizima, huku kinga inashuka na TB inapata nafasi. Kama umekwisha kuinunua, usiimwage. Njoo nayo hospitali.